PostgreSQL 14 na 17 Ndani ya Seva Moja

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Tuchukue seva ya ofisi ya kliaringi hapa Mombasa, yenye mfumo wa Ubuntu 22.04. Ubuntu hiyo huja na toleo la 14 la PostgreSQL, programu ya kutunza databesi, ambayo marekebisho yake yanakoma Novemba 2026. Tunataka 17, na rekodi ya kontena hata moja isipotee.

Kuweka 17 hakuiondoi 14. Data ya 14 inakaa /var/lib/postgresql/14/main, ya 17 inakaa /var/lib/postgresql/17/main, na mipangilio vilevile kila moja ina folda yake chini ya /etc/postgresql. Kisichogawanyika ni poti, yaani namba ya mlango ambao programu nyingine huingilia. Meli mbili hazifungi gati moja pale Kilindini. 14 imeshika 5432, basi 17 inapewa 5433.

Chukua bekapu (nakala ya akiba) kwanza kwa amri ya pg_dumpall, uiweke nje ya seva hiyo. Angalia diski kwa df -h: data itakuwepo mara mbili, kwa hiyo GB 60 zinataka nyingine 60 na za akiba. Kisha ongeza hazina ya programu ya apt.postgresql.org, uweke postgresql-17. Andika pg_lsclusters, inayoorodhesha klasta, yaani seti ya databesi ya kila toleo; utaona:

14 main 5432 online
17 main 5433 online

Hapa ndipo watu wanapojikwaa. Ukiandika psql, amri ya kuingia kwenye databesi, peke yake, unaingia 14, kwa sababu ndiyo iliyo kwenye 5432. Mtu anatengeneza majedwali akidhani yuko 17, kumbe sivyo. Andika psql -p 5433, kisha select version(). Ujue uko wapi kabla ya kugusa chochote.

Kuhamisha kwenyewe ni amri mbili. Ile klasta tupu ya 17 iliyojiunda inazuia njia, kwa hiyo iondoe:

pg_dropcluster 17 main --stop
pg_upgradecluster -v 17 14 main

Tafadhali soma namba kabla ya kubonyeza Enter. Ukiandika 14 katika amri ya kwanza, umefuta data ya ofisi nzima.

Kama databesi inatumia PostGIS, nyongeza ya data za ramani na mahali, tuseme kwa kufuatilia malori ya Mariakani, weka kwanza postgresql-17-postgis-3. Bila hiyo uhamishaji utakwama njiani.

Kazi ikiisha poti zinabadilishana: 17 inashika 5432, 14 inasogezwa na kusimamishwa. Programu za ofisi hazihitaji kuguswa. Endesha vacuumdb --all --analyze-in-stages, kwani takwimu za majedwali hazihami pamoja na data, na bila hizo ripoti ya sekunde mbili yaweza kuchukua dakika kadhaa. Karani ataona seva mpya ni mbovu.

Kuna njia ya haraka zaidi, ya kuongeza -m upgrade pamoja na --link kwenye pg_upgradecluster, isiyonakili mafaili. Siipendi kwa ofisi ndogo. Klasta zote mbili zinatumia mafaili yaleyale, na 17 ikishawaka, 14 si salama tena kuiwasha. Umejinyima njia ya kurudi.

Hata kwa njia ya kawaida, kumbuka kwamba kilichoandikwa ndani ya 17 hakimo ndani ya 14. Fanyeni kazi hii usiku wa Jumapili, mhesabu safu za majedwali makubwa pande zote mbili kabla ya kufungulia watu asubuhi, na 14 muiache wiki mbili hivi. Baada ya hapo, pg_dropcluster 14 main.