Rangi Iliyo Chini ya Utando
(Mazungumzo na mafundi wanagenzi, Ndeeba, Kampala)

Hamjambo, vijana. Kaeni, hata kwenye matairi. Nimeombwa nizungumze Kiswahili kwa kuwa humu wamo wa Arua, wa Busia na wawili wametoka Bunia, na Kiganda changu wenyewe wa Ndeeba wanakicheka.

Hiki nilichoshika msidhani ni nailoni ya kufungia godoro. Vuteni. Mnaona kinavyonyumbuka na kurudi? Ni utando wa poliurethani, plastiki angavu tunayoibandika juu ya rangi ya gari kuilinda, unene wake karibu mikroni 200, yaani moja ya tano ya milimita. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima ya chini kabisa mpaka klia, ile angavu ya juu, kwa kawaida haizidi mikroni 150. Kwa hiyo mlinzi ni mnene kuliko anayelindwa. Wamarekani waliutumia utando wa namna hii kwenye panga za helikopta wakati wa vita vya Vietnam, maana mchanga ulikuwa unazitafuna. Aliyewahi kufuata lori kwenye barabara ya changarawe nyekundu hahitaji maelezo zaidi.

Kampala pia tuna kaloli, yule korongo mkubwa wa majalalani. Kinyesi chake kikikaukia kwenye boneti juani, klia inababuka. Kwenye utando pia usikiache kikalala, kitaweka doa, lakini utando unabanduliwa ukawekwa mwingine. Klia ikienda imekwenda.

Sasa mteja anaingia na gari lake la Japani, linang'aa, anataka uvishe leo hii. Wengi mnakimbilia bei. Mimi naanza na swali: rangi hii ni ya kiwandani? Atasema ndiyo. Usimbishie, chukua kipimo cha unene, pita mlango kwa mlango. Ukisoma 120, 115, 125, kisha madigadi moja ikupe 400, hapo palipigwa rangi. Ikipita 1,000, chini kuna fila, ile lipu ya kuziba mabonde. Bampa la plastiki usilipime kwa kipimo cha chuma, halitakuambia kitu. Tazama kingo zake na skrubu, rangi iliyopulizwa mtaani huacha ukungu mahali isipotakiwa.

Kwa nini nasumbuka hivyo? Kwa sababu gundi ya utando haichagui. Rangi iliyoshika vibaya itaondoka nao siku ya kubandua, vipande vipande kama ganda la yai. Na iliyopigwa juzi bado inatoa mvuke, ukiifunika inatunga malengelenge. Mimi huiacha mwezi mzima kwanza. Mteja akikasirika aende, atarudi.

Sogeeni kwenye boneti hii. Imeoshwa, mnaiona safi. Wewe kijana, vaa mfuko wa plastiki mkononi, upitishe vidole taratibu. Unasikia kama mchele? Hizo ni chembe za chuma za breki, lami, na utomvu wa mfenesi, kwa sababu watu wa hapa wanapenda kuegesha kivulini. Zitoke kwa ule udongo laini wa kusafishia rangi, ukiteleza juu ya maji ya sabuni, kisha futa kwa spiriti. Kazi hiyo inakula saa nyingi. Mwaga maji sakafuni pia, funga mlango. Boda moja ikipita hapo nje imekuharibia asubuhi.

Kuvisha: maji safi, matone machache ya shampuu ya watoto. Nyunyiza rangi, nyunyiza upande wa gundi, lowesha na vidole. Uache utando uelee mpaka ukae pake, ndipo uanze katikati kukamua maji kwa kikwanguo cha mpira, kila mpito ukipanda kidogo juu ya uliotangulia. Ukiuvuta sana kwenye kona, gundi inabaki na michirizi isiyofutika.

Povu likitokea, libonyeze. Likihama ni maji, yatakauka yenyewe baada ya siku chache. Kipele kigumu kisichohama kina punje ndani. Inua upande, nyunyiza, itoe. Usimwambie mteja kitaisha.

Kuhusu wembe nitasema langu. Miaka yangu ya kwanza nilikata utando ukiwa juu ya mlango, nikajiona nina mkono mwepesi. Mvua za masika zilipokwisha, yule bwana akarudi na mstari wa kutu uliofuata wembe wangu kama rula. Nililipa mlango mzima. Tangu hapo nakata pembeni, mezani, na kingo nazikunja ndani ya boneti.

Nasikia swali pale nyuma, kama mikwaruzo hujifuta. Mama wa chai, samahani, tuazime birika lako. Hiki kipande cha utando nakisugua kwa brashi ya waya, kidogo tu. Mmeona ukungu? Hapa kando nachora kwa ufunguo, kwa nguvu. Namwaga maji moto. Tazameni, ule ukungu unafifia... umekwenda. Ngozi ya juu ya utando ikipata joto hujirudi, hata gari likiachwa juani. Huu wa ufunguo umebaki pale pale, umekata ngozi yenyewe.

Ndiyo, hautoki hata ukimwaga birika zima. Na mama anataka birika lake.