Gogo Ghafi Lisilotiwa Dawa: Tuliandikie Namba Gani Forodhani?

(Mhadhara kwa wafanyabiashara wa nguzo na mbao na mawakala wa forodha, Mafinga)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, poleni na kazi. Nashukuru kwa kualikwa, na nashukuru zaidi kwamba mmeniita hapa Mafinga, ambapo ukitoka tu nje ya ukumbi unakutana na gogo. Hilo litanisaidia, maana ninayotaka kusema leo hayaeleweki vizuri kwenye karatasi. Nimewaomba wenyeji watulazie vipande vitatu pale uani, na tutavifikia.

Katika mizigo yote niliyoishughulikia kama wakala, sijaona unaoandikwa vibaya kama magogo. Watu huona ni mzigo mwepesi: gogo ni gogo. Basi wakala anachukua ankara, anasoma neno la kwanza, anaandika namba, na mti wenyewe hajautia machoni. Naomba leo tuanze upande wa pili. Tuutazame mti kwanza, namba ije baadaye.

Namba zenyewe zinatoka kwenye HS, mfumo wa kupanga bidhaa zote kwa namba, wa Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels. Mfumo ulianza kutumika mwaka 1988, na toleo tunalolitumia sasa ni la 2022. Tarakimu sita za mwanzo ni zilezile kwa nchi zote zinazoutumia. Sisi wa Afrika Mashariki tunaongeza mbili zinakuwa nane. Mbao na vitu vya mbao viko Sura ya 44, na magogo ghafi yako chini ya kichwa cha namba 4403. Kichwa hicho kinataja mti ghafi, uwe umebanduliwa gome au ule mti mweupe wa pembeni au haukubanduliwa, pamoja na ule uliochongwa mraba kwa kukadiria.

Yasikilizeni vizuri maneno hayo. Mtaani kwetu, gogo likishamenywa gome tunasema limeshafanyiwa kazi. Forodhani bado ni ghafi. Nguzo ya umeme iliyomenywa na kulainishwa ngozi yake hadi inateleza mkononi, bado iko 4403. Hata gogo la kusagia karatasi lililopasuliwa mara nne halijatoka humo.

Sasa huo mraba wa kukadiria, nao ndio uliowahi kuniumiza. Nilipewa mzigo wa mitiki kwenda India. Ankara ilisema vipande vya mraba, nami nikasoma mraba nikaelewa mbao, nikaandika 4407, yaani mti uliopasuliwa kwa urefu wake na wenye unene unaozidi milimita 6. Kule ulikofika, ofisa alifungua kontena, akapitisha kiganja juu ya kipande cha kwanza. Uso ulikuwa na mawimbi ya shoka, na kwenye kona mbili gome lilikuwa bado limeng'ang'ania. Lile lilikuwa gogo lililopunguzwa mviringo ili lipangike vizuri ndani ya kontena, basi. Mzigo ukalala bandarini wiki tatu, na gharama za kuulaza zikala faida yote ya mteja wangu. Yule mzee hakunigombeza, na mpaka leo naona ingekuwa nafuu kama angenigombeza.

Maelezo ya mfumo yako wazi: mti uliosawazishwa kwa shoka, kwa tezo au kwa msumeno kwa namna ya kukwaruza tu, ukabaki na sehemu zenye mkwaruzo au mabaki ya gome, haujatoka 4403. Mitiki imetajwa kabisa, kwa sababu kuna mahali huchanwa kwa kabari au kuchongwa kufuata nyuzi zake. Ukiupitisha kwenye dingidongi, ile mashine ya kupasulia mbao, ukatoka na nyuso zilizonyooka na kona kali, hapo umeingia 4407. Kwa hiyo mwambie mteja akupigie picha ya kona. Picha ya rundo zima haikusaidii kitu.

Nije kwenye dawa, maana hapa Mafinga hilo ndilo lenu. Ndani ya 4403, jambo la kwanza kuulizwa ni kama mti umetiwa rangi, kreosoti au dawa nyingine ya kuuhifadhi. Uliotiwa unaingia 4403.11 ukiwa wa jamii ya paini, na 4403.12 ukiwa wa jamii nyingine. Usiotiwa unaendelea mbele kutafuta namba ya aina yake. Lakini dawa gani? Dawa inayohesabika ni ile ya kuufanya mti udumu miaka. Nguzo ya mlingoti, yaani mkaratusi, iliyoingizwa kwenye tangi, ikashindiliwa dawa ya CCA yenye shaba, kromiamu na aseniki, ukiikata kichwani unaona ukijani umeingia ndani kuzunguka kiini. Hiyo imetiwa dawa. Gogo lililopuliziwa kitu cha kuzuia ukungu lisichakae njiani, hilo kwa forodha halijatiwa dawa. Na lililofukizwa kwa moshi wa kuua wadudu, likapewa cheti cha afya ya mimea, nalo pia halijatiwa.

Nimeona mawakala wengi wakiangukia hapo. Anashika cheti cha kufukiza, anasoma neno "imetibiwa", anaandika 4403.12. Cheti kile kinazungumza na watu wa afya ya mimea. Mtu wa ushuru anauliza jambo jingine kabisa: je, mti huu ukisimikwa ardhini utadumu kwa sababu ya dawa uliyoutia? Kama jibu ni hapana, mlingoti wako ni 4403.98.

Kwa paini kuna unene pia. Kipimo kidogo kabisa cha uso uliokatwa kikiwa sentimita 15 au zaidi ni 4403.21, pungufu ya hapo ni 4403.22. Gogo hupungua kuelekea kileleni, kwa hiyo futi yako ipeleke upande mwembamba. Mitiki tangu 2022 ina namba yake peke yake, 4403.42.

Suala la unene kwa watu wa pwani si geni. Lamu walikuwa wakihesabu mikoko kwa majina: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila jina lina unene wake, na fundi wa nyumba akisema boriti hakuna anayemletea pau. Majahazi yalizibeba kwenda Ghuba miaka na miaka, hadi Kenya ilipopiga marufuku kuuza mikoko nje mwaka 1982. Boriti ya namna hiyo, mviringo na isiyochongoka, ingekaa 4403. Ukiichonga ncha ikawa kigingi, inahamia 4404. Kuni ziko 4401, mataruma ya reli 4406, hayo hayana ubishi mkubwa.

Kwa nini nawachosha na tarakimu? Kwa sababu msitu wenyewe unalindwa kwa tarakimu hizi. Gabon ilizuia magogo kupelekwa nje ya nchi mwaka 2010, Msumbiji ikazuia ya miti ya asili mwaka 2017. Marufuku ya namna hiyo inasimama pale mpaka wa gogo na mbao ulipo, na anayeandika mpaka huo ni wakala akiwa mezani kwake. Mwaka 2007 TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, walitoa ripoti juu ya uvunaji kusini mwa Tanzania. Takwimu za China zilionyesha mazao ya misitu kutoka kwetu mara kumi ya yale yaliyokuwa kwenye vitabu vyetu. Mara kumi, ndugu zangu. Ile ni mininga na mikongo ya Rufiji na Lindi iliyopita bila kuonekana.

Na sasa mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama Novemba 2022, umeiweka mikongo na mininga yote ya Afrika kwenye Kiambatisho cha Pili, yaani orodha ya vile visivyouzwa nje bila kibali. Magogo yamo, mbao zimo. CITES walipotaka kueleza gogo ni nini, walichukua maneno ya 4403 na namba yake. Kwa hiyo ukikosea namba kwenye mninga, hujakosea ushuru peke yake. Unaweza kuwa umeupitisha mti unaolindwa bila kibali, na jina lililo chini ya tamko ni lako.

Ukiwa na shaka, omba uamuzi wa maandishi wa forodha kabla mzigo haujafika. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inaruhusu. Peleka na picha ya kona, picha ya kichwa kilichokatwa, na jina la mti kwa Kilatini, maana "mkongo" wa huku na "mkongo" wa kule si lazima uwe mti mmoja.

Sasa tutoke uani. Kimoja ni mlingoti mbichi, kimoja ni mlingoti wa tangini, na cha tatu kimechongwa kwa shoka pande nne. Kila mmoja avishike, kisha aandike namba tatu kwenye karatasi yake bila kumtazama jirani. Nitazikusanya.