Mwalimu Aliyewauliza Wazee: Samuel Johnson wa Oyo

Walimu wenzangu, na ninyi vijana mliokubali kusimama kule nyuma, karibuni. Leo nitamzungumzia mtu mmoja tu, Samuel Johnson, mwalimu aliyeandika historia ya Wayoruba, watu wa kusini-magharibi mwa Nigeria ya leo, kwa sababu naamini kila mwalimu anayefundisha mbali na miji mikuu anapaswa kumjua.

Jina ni la Kizungu, lakini mwenyewe ni Myoruba. Baba yake alikuwa mmoja wa Wayoruba waliokombolewa utumwani wakapelekwa Sierra Leone, na huko ndiko Samuel alikozaliwa mwaka 1846. Alipokuwa na umri wa miaka kama 11, familia ilirudi nchi ya Wayoruba, ikakaa Ibadan. Muda si mrefu vikazuka vita kati ya Ibadan na mji wa Ijaye, njia za kwenda pwani zikafungwa, na nyumba ya misheni alikokaa Samuel ikakabwa na njaa. Kwa hiyo vita alivyokuja kuviandika, vingine alivionja tangu utotoni.

Alisomea ualimu Abeokuta, mji mwingine wa Wayoruba, kuanzia 1863 hadi 1865, kisha akarudi Ibadan kushika chaki. Sasa jiulizeni: mwalimu wa misheni, mshahara mdogo, anapata wapi historia ya taifa zima? Kwa wazee. Aliwaendea watu kama David Kukomi, mzee wa kanisa la Ibadan, na Lagunju, mtawala wa mji wa Ede. Baadaye, akiwa mchungaji, alihamishiwa Oyo, mji mdogo kuliko Ibadan. Wengine wangeuona uhamisho huo kuwa adhabu. Mimi nauona kuwa bahati kubwa, maana Oyo ndiko alikokaa mfalme, Alaafin, na katika jumba lake walikuwemo arokin, watu ambao kazi yao ya kurithi ilikuwa kuhifadhi vichwani na kughani habari za wafalme waliopita. Johnson alikaa jirani na maktaba hai.

Naye hakuwa mtu wa kuketi pembeni na daftari. Vita vya Kiriji, kati ya Ibadan na muungano wa Ekiti, Wayoruba wa mashariki, vilianza 1877 na kuburuza kwa miaka. Yeye ndiye aliyepeleka Lagos ujumbe wa Alaafin wa kuomba Waingereza wasaidie kupatanisha. Mkataba wa amani wa 1886 ulipofikiwa, alikuwa miongoni mwa wajumbe waliokwenda na kurudi kati ya kambi mbili. Kurasa zake juu ya vita hivyo zina uzito wa mtu aliyekuwepo.

Mwaka 1897 akamaliza kitabu chake cha historia ya Wayoruba. Aliandika kwa sababu aliona wazee wanakufa mmoja mmoja, na vijana waliosoma wanajua habari za Uingereza na Roma kuliko za kwao. Mswada ukapelekwa London kupitia misheni yake. Ukapotea huko. Johnson alifariki mwaka 1901 bila kuona hata ukurasa mmoja uliochapwa.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kilichookoa kazi ile ni rasimu. Johnson alikuwa ameacha karatasi zake za awali, na mdogo wake, Obadiah, daktari wa tiba, akazichukua akaanza kuandika upya. Kazi hiyo ilimla miaka. Mwaka 1916 akautuma mswada Uingereza kwa meli ya Appam, na kwa kuwa Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vikiendelea, meli hiyo ikatekwa na Wajerumani baharini, ikapelekwa Marekani. Mswada haukujulikana ulipo kwa karibu miaka miwili. Ulipopatikana, karatasi za kuchapia zilikuwa adimu kwa sababu ya vita hivyo. Obadiah naye akafa mwaka 1920. Kitabu kilitoka 1921, kina kurasa zaidi ya 600, nacho bado ni mlango wa kwanza kwa anayechunguza historia ya Wayoruba.

Sisemi hakina kasoro. Johnson anaitazama nchi yote akiwa amesimama Oyo. Miji iliyopigana na Oyo au Ibadan haipati sauti ileile, na imani yake ya Kikristo inatia rangi hukumu zake. Watu wa miji hiyo waliliona hilo mapema. Walimu, makarani na wachungaji wakashika kalamu, wakaandika historia za miji yao wenyewe, wengine wakimpinga Johnson waziwazi.