Mfupa Unaooza Ardhini, na Jinsi ya Kuutoa

Mabibi na mabwana, karibuni.

Tumezoea kusema nyama huoza, mfupa hubaki. Mfupa nao huoza. Karibu theluthi mbili za uzito wake ni madini. Sehemu kubwa ya iliyobaki ni kolajeni, protini inayoufanya usikatike kama chaki. Udongo wenye asidi huyeyusha madini. Kolajeni huliwa na bakteria, na joto la kwetu huwasaidia. Ikitoweka huacha vitundu, na maji ya kila masika huingia humo na kutoka na madini.

Chukueni pango la Panga ya Saidi, Kilifi. Mwamba wake ni chokaa, ambayo hupunguza makali ya asidi. Hata hivyo, mifupa ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa humo miaka 78,000 iliyopita, ilikutwa imelika vibaya. Mifupa ya watoto ina matundu mengi na madini machache. Vipande vilianza kuonekana mwaka 2013, shimo likafunuliwa lote mwaka 2017, mita 3 hivi chini ya sakafu ya leo. Wachimbaji hawakuokota mfupa mmoja mmoja. Walifunga bonge zima la udongo lenye mifupa kwa plasta, likaenda Nairobi, kisha maabara ya Burgos, Hispania. Meno mawili yaliyojitokeza bonge lilipoanza kuchimbuliwa maabara ndiyo yaliyowashtua kwamba huenda ni binadamu.

Kufunga kwenyewe: chimba pembeni mpaka bonge lisimame kama kigoda. Tandaza karatasi laini iliyoloweshwa, plasta isigande kwenye mfupa. Zungushia bendeji za plasta, zile za kufungia mguu uliovunjika, ziache zikauke kabisa, ndipo ukate chini na kupindua. Ukipindua mapema, tumbo la bonge linamwagika lote.

Gundi ya kuimarisha mfupa ndiyo huharibu kazi za wengi. Paraloid B-72, gundi ya plastiki inayoyeyushwa kwa asetoni, gramu 50 kwa lita, hufaa kwa mfupa mkavu, tone kwa tone. Mfupa ukiwa na unyevu, gundi hugeuka nyeupe kama maziwa na kubaki juu juu, ndani mkiwa bado unga. Msiukaushe juani (utapasuka!), uwekeni kivulini, ukauke taratibu. Na kabla ya tone la kwanza, kateni sampuli ya kupima protini au kaboni (ya kujua umri), ifungeni kwa foili, iandikeni namba. Gundi ikishaingia, maabara itapima gundi.