Kuku, Puto na Ncha ya Sindano

Karibuni tena wadau. Tunajizoeza kuchoma sindano kwenye vena kubwa ya shingoni tukiongozwa na ultrasound, ile mashine ya kuona ndani ya mwili kwa mawimbi ya sauti. Niko Moshi, jikoni kwangu, na mgonjwa wa leo ni kifua cha kuku kutoka soko la Mbuyuni. Cheka, lakini heri ukosee hapa kuliko shingoni mwa bibi wa watu.

Mshipa wetu ni puto jembamba refu: maji yenye rangi nyekundu, funga, lipitishe katikati ya nyama. Usilijaze sana. Probu, kile kichwa cha ultrasound cha kushika mkononi, nimeivika glavu, jeli juu. Haya, kwenye skrini ule weupe wenye kivuli ni hewa, nimesukuma puto kwa pupa. Ongeza jeli... bado... sawa.

Duara jeusi ndilo puto, mmeliona? Nabonyeza kidogo, linalala. Vena ya jugula, ile ya shingoni tunayoitafuta, hufanya hivyo. Karotidi, ateri jirani yake, hudunda na haikubali kulala.

Sasa sindano. Mwanangu, sogeza simu, wanaona kiwiko tu! Haya. Mshipa tunauona umekatwa kama karoti, kwa hiyo sindano ni nukta nyeupe. Nukta hiyo SI lazima iwe ncha! Huenda ni mwili wa sindano, ncha imeshatoboa ukuta wa nyuma. Mimi nikiwa mwanafunzi nilitangaza "nimeiona, daktari", navuta sirinji, hakuna kitu. Damu ilikuja narudisha sindano nyuma. Nilitamani sakafu inimeze.

Kwa hiyo: sindano isimame, probu isogee mbele mpaka nukta ipotee. Probu isimame, sindano iingie kidogo mpaka nukta irudi. Hiyo ndiyo ncha. Rudia. Usisogeze vyote pamoja. Narudia, usisogeze vyote pamoja! Nukta ikikaa katikati ya duara jeusi, laza sindano kidogo, ifuate milimita chache ndani.

Waya wa kupitisha ndani ya sindano ili uongoze mrija kwenye vena, mbinu ya Mswidi Seldinger tangu 1953, mnaijua. Ila vidole visiuachie hata sekunde. Na kabla ya kupanua njia kwa kipanuzi, kile kijiti kinene kinachopita juu ya waya, utazame waya ndani ya vena, kwa upana na kwa urefu. Tundu la sindano kwenye karotidi unaweza kulikandamiza. La kipanuzi ni habari nyingine.

Aah, puto limepasuka. Ndiyo maana nilinunua matatu.

Probu isafishwe vizuri kabla ya kurudi wodini, hii ni nyama mbichi. Na kuku huyu haliwi. Mume wangu ameshauliza mara mbili.