Bei ya kusema hapana

Shikamooni wazee. Vijana, hamjambo.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie haki za binadamu katika sera ya mambo ya nje. Mada hii huzungumzwa kana kwamba ni mzigo unaoshushwa kutoka Washington au Brussels, na sisi kazi yetu ni kutia saini tu kwamba tumepokea. Mimi nitaanzia hapa hapa Morogoro. Mliosoma pale Mazimbu mmepita mara ngapi kwenye yale makaburi? Yale ni makaburi ya Waafrika Kusini. Lilikuwa shamba la mkonge, serikali yetu ikawapa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, wakajenga shule ya watoto waliokimbia ubaguzi wa rangi. Vijana wetu leo wanasomea kwenye madarasa yale yale.

Wakati ule watu hawakuwa na haja ya kusema "haki za binadamu" kila dakika. Mwana TANU aliapa kwamba binadamu wote ni ndugu zake na Afrika ni moja, basi. Ukishaapa hivyo, jirani akipigwa huna pa kuficha uso.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye mwaka 1965.

Novemba 11, Ian Smith na walowezi wenzake wa Rhodesia, ndiyo Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru, uhuru wa Wazungu wachache juu ya migongo ya Waafrika wengi. Uingereza, mwenye koloni lake, iliweka vikwazo lakini ikakataa kutumia nguvu. Mawaziri wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wakakutana Addis Ababa, wakapanga tarehe: ikifika Desemba 15 na uasi haujakomeshwa, nchi wanachama zivunje uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Kunyoosha mkono ukumbini ni rahisi, hata mimi naweza. Siku ilipofika, kati ya nchi zaidi ya 30, zile zilizotimiza neno naweza kuzihesabu kwa vidole vyangu na nisivue viatu.

Tanzania ilitimiza. Na ikalipa: mkopo wa Uingereza wa paundi milioni 7.5 ukazuiwa. Nchi ilikuwa na miaka minne ya uhuru, iko katika mwaka wa pili wa mpango wake wa kwanza wa maendeleo wa miaka mitano. Hizo fedha zingekuwa barabara, zingekuwa zahanati. Kwa hiyo tukisema "Mwalimu alikuwa na msimamo", tukumbuke kwamba bei ya msimamo ule ililipwa pia na mama fulani wa kijijini ambaye hakuulizwa.

Naona kijana pale anatikisa kichwa. Unataka kuniuliza, je, Smith aling'oka? Hakung'oka. Zimbabwe ilipatikana 1980, baada ya vita. Uhusiano na Uingereza wenyewe tuliurudisha 1968. Ukipima kwa matokeo ya haraka, tulipoteza fedha bure. Lakini ile Kamati ya Ukombozi ya OAU, ya kuwasaidia wapigania uhuru, iliyokuwa Dar es Salaam tangu 1963 isingesikilizwa na mtu kama mwenyeji wake angekuwa mpiga domo. Mpigania uhuru anayekuja kuomba kambi Kongwa, kule Dodoma, anataka kujua kitu kimoja tu: mwenyeji akitishwa, atanigeuka?

Tusijipambe mno. Serikali ile ile iliyowatetea wafungwa wa Pretoria ilikuwa na sheria yake, ya 1962, ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Na kuhusu Idi Amin, mtawala wa Uganda, ni kweli Tanzania iligoma kwenda kwenye mkutano wa OAU Kampala mwaka 1975, wakati wenzetu wengi walikwenda wakamkabidhi uenyekiti. Lakini majeshi yetu yaliingia Uganda baada ya yeye kuvamia Kagera mwaka 1978. Hatukwenda kwa ajili ya haki za Waganda peke yake. Hata hivyo, kwenye mkutano wa OAU wa Monrovia mwaka 1979 tulisemwa na wakubwa wa Sudan na Nigeria kwamba tumeingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine. Miaka minane ya mauaji, ule "undani" haukuwa umemsumbua mtu.

Pengine ndiyo maana Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu ulipitishwa 1981, hapo Nairobi. Ukaja kuzaa mahakama, na mahakama ikapewa makao Arusha. Sisi ndio wenyeji. Mwaka 2010 tukaridhia mwananchi wa kawaida aipeleke serikali yetu pale moja kwa moja. Kesi zikaja, nyingi zikiwa dhidi yetu wenyewe, baadhi za wafungwa walioandika wenyewe wakiwa gerezani. Novemba 2019 serikali ikaiondoa ridhaa ile. Bendera yetu bado inapepea nje ya jengo. Mfungwa wa Kitanzania akileta kesi mpya leo haipokelewi.

Balozi wetu akisimama Geneva kuzungumzia haki za watu wa nchi nyingine, akaulizwa habari ya mlango ule wa Arusha, atajibu nini? Mimi sikupata jibu, na nimekuwa nikilitafuta tangu nilipoanza kuandika mhadhara huu. Mzee pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja Kagera. Mpeni kipaza sauti.