Majibu Matatu Yaliyobaki

Mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi na ukunga, Tanga

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo wanangu?

Nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu maswali ya kujipima, yale mnayofanya jioni kwenye vikundi mtihani unapokaribia. Naona wengi mmekuja na madesa na karatasi za mitihani iliyopita. Sina ugomvi na karatasi hizo. Ugomvi wangu ni na ule wino mwekundu uliozungushiwa herufi. Mtu anafungua swali la 14, anaona C imezungushiwa, anakariri C, anahamia la 15. Akimaliza maswali mia anasema amesoma. Mtihani ukija na swali lile lile, ila umri wa mtoto umebadilishwa kutoka miezi 11 kuwa miezi 13, anaandika C tena, na anakosa.

Na hapo hajaonewa. Mtoto wa miezi 11 mwenye kikohozi anayepumua mara 44 kwa dakika hatumwiti mwenye kupumua haraka, kwa sababu kipimo cha umri wake ni 50 na kuendelea. Akishatimiza mwaka, kipimo kinashuka hadi 40. Pumzi ni 44 zile zile, lakini sasa huyu wa miezi 13 ana dalili ya nimonia. Na aliye chini ya miezi miwili kipimo chake ni 60. Anayekariri herufi haioni tofauti hii, na mama aliyembeba mtoto kutoka Pangani haji na herufi.

Ninachotaka mkishike leo ni kimoja. Swali la kuchagua lina jibu moja sahihi, lakini mafunzo mengi yamo katika yale matatu yaliyobaki. Mtunga swali anayejua kazi yake haokoti majibu ya uongo ovyo. Kila jibu lisilo sahihi analoliweka ni jibu sahihi la mgonjwa mwingine. Kwa hiyo ukishapata jibu, usiondoke. Jiulize: hili la A lingekuwa sahihi kwa mgonjwa gani? Na B? Na D? Ukiweza kuwataja hao wagonjwa watatu, umesoma mara nne kwa swali moja.

Tulifanye moja pamoja, taratibu. Wekeni kalamu chini.

Umeingia zamu ya mchana wodi ya wazazi, umekabidhiwa akina mama wanne. Wa kwanza alifanyiwa upasuaji jana, analalamika maumivu ya kidonda. Wa pili amejifungua kawaida dakika 40 zilizopita. Anaomba maji, hatulii kitandani, mapigo ya moyo 118 kwa dakika, presha 100/60. Wa tatu ameruhusiwa, ndugu zake wako nje na bajaji na wameshaanza kunung'unika. Wa nne ana ujauzito wa wiki 36, presha 150/100, na kichwa kinamuuma tangu alfajiri. Unaanza na nani?

Nasikia wa nne. Nasikia wa pili huku mbele. Anayesema wa nne hajasema ovyo: presha ya juu na kichwa kuuma kwa mjamzito ni mlango wa kifafa cha mimba, na ni lazima mtu aende kwake sasa hivi. Lakini wewe mguu wako wa kwanza ni kwa wa pili.

Kwa nini, wakati presha yake 100/60 haitishi? Kwa sababu mwili wa mama hulinda presha kwa muda mrefu. Wakati wa ujauzito damu yake imeongezeka karibu nusu ya ile ya kawaida, kwa hiyo anaweza kupoteza nyingi huku mashine ikikuonyesha namba ya kutuliza. Kinachosema ukweli mapema ni mapigo. Gawanya mapigo kwa ile namba ya juu ya presha: 118 kwa 100 unapata 1.18. Ikifika 0.9 tayari unatakiwa ushtuke. Halafu ongeza kiu. Ongeza kutotulia. Wanangu, mama aliyejifungua akianza kuhangaika kitandani, msimwambie atulie. Ubongo wake unakosa damu, ndiyo maana anahangaika.

Sasa unafanya nini? Unaita msaada kwa sauti, na huyo wa kwanza anayeitika unamtuma kwa wa nne. Mkono wako unakwenda tumboni kutafuta mji wa mimba. Ukiukuta umelegea, unausugua ujikaze, kibofu kinatolewa mkojo, dawa ya oksitosini ya kuukaza inaandaliwa, kanula nene inaingia mshipani. Unaangalia chini yake. Funua kanga, mgeuze, maana damu hujikusanya mgongoni na kwenye godoro, na pedi moja safi mbele haithibitishi chochote. Kondo lilitoka lote? Kuna mchaniko? Mililita 500 baada ya kujifungua kawaida tayari tunaita kutokwa damu nyingi, na macho ya binadamu kwa kawaida hukadiria pungufu.

Turudi sasa kwa waliobaki. Wa nne angekuwa wa kwanza lini? Kama mapigo ya wa pili yangekuwa 84, ametulia, ananyonyesha. Mwenye kidonda angekuwa wa kwanza lini? Kama maumivu yangekuja na tumbo lililokakamaa, mapigo yakienda mbio na joto likipanda. Na yule wa bajaji, ambaye kila mtu anamruka? Huyo ndiye nampenda kuliko wote. Angekuwa wa kwanza kama wakati anafunga mzigo angesema: "Sista, muundi wa kushoto umevimba, na tangu nimetoka chooni pumzi inakata." Hapo ruhusa inafutwa. Damu iliyoganda mguuni inaweza kuwa imefika kwenye mapafu.

Mnaona? Swali moja limetupa kutokwa damu, kifafa cha mimba, maambukizi ya tumbo na damu kuganda. Dakika zilizotumika ni nyingi kuliko za kuzungushia herufi, ndiyo. Mimi napendelea mfanye maswali kumi namna hii kuliko mia kwa wino mwekundu.

Tumguse kidogo yule wa nne. Akipata mtukutiko ataanzishiwa magnesiamu salfeti: gramu 4 kwenye mshipa polepole, na gramu 5 kila tako, jumla 14. Maswali hupenda kuuliza kinachofuata. Kabla ya dozi ya kuendeleza unapima vitu vitatu: anapumua angalau mara 16 kwa dakika, goti likigongwa linaitika, mkojo haupungui mililita 30 kwa saa. Swali linakwambia anapumua mara 12. Jibu ni kuizuia dozi. Kwenye majibu mengine utakuta kalsiamu glukoneti, na wanafunzi wengi huikimbilia kwa sababu wanaijua ni kiuasumu. Hiyo ni dawa ya mama ambaye magnesiamu imeshamzidi hadi pumzi inasimama, na ukiwa unamsaidia kupumua. Jueni iko wapi wodini kwenu kabla hamjaihitaji.

Hesabu za dawa nitazipitia kwa mfano mmoja tu, kwa sababu hapo ndipo mkono unapoweza kuumiza kimyakimya. Mtoto wa kilo 10 ana malaria kali. Artesuneti kwa mgonjwa wa kilo 20 na zaidi ni miligramu 2.4 kwa kila kilo. Chini ya kilo 20 ni miligramu 3. Kwa hiyo huyu anapata miligramu 30, na wala si 24. Kichupa cha miligramu 60 kinachanganywa na mililita 1 ya baikaboneti ya sodiamu, halafu kwa ajili ya mshipa unaongeza mililita 5 za maji ya chumvi. Jumla 6, yaani miligramu 10 kwa kila mililita. Unavuta mililita 3. Ukichanganya kwa ajili ya msuli unaongeza mililita 2, unapata miligramu 20 kwa kila mililita, na kiasi cha kuvuta kinabadilika. Mililita 2.4 huwa ipo kwenye majibu ya swali hili. Imewekwa kwa ajili ya anayekumbuka dozi ya mtu mzima na kusahau mstari wa kilo 20.

Mtu ataniuliza: mwalimu, kwa nini tujisumbue na maswali, si bora turudie kusoma madesa mara nyingi? Hili limepimwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi habari za kusoma. Kundi moja lilisoma mara nne. Kundi lingine lilisoma mara moja, halafu likafunga karatasi na kuandika linachokumbuka, mara tatu. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliosoma mara nne waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka kama asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Mtihani wenu hauji baada ya dakika 5. Na mgonjwa anakuja baada ya miaka. Kwa hiyo funga daftari kwanza, jijibu, ndipo ulifungue. Ukifanya swali huku jibu liko wazi pembeni, bado unasoma tu.

Sasa niseme jambo linalonigusa zaidi, na limetokea hapa mkoani kwetu.

Miaka ya nyuma, ukiulizwa mtoto mwenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, mikono baridi, afanyiwe nini, jibu lilikuwa jepesi: mpe maji ya mshipa kwa haraka. Hospitali ya Teule pale Muheza ilishiriki utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya na Uganda kwa watoto 3,141 wa namna hiyo, na matokeo yakatolewa mwaka 2011. Waliopewa maji mengi kwa haraka walifariki karibu asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Wasiopewa kwa haraka walifariki asilimia 7.3. Jibu ambalo kila mtu angelizungushia wino lilikuwa linaongeza vifo. Na hawakuhusishwa humo watoto wa kuhara wala wenye utapiamlo mkali. Wa kuhara aliyekaukiwa bado anahitaji maji yake. Mwaka mmoja kabla, Muheza hiyo hiyo ilikuwa ndani ya utafiti mwingine, wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, ulioonyesha artesuneti inaokoa watoto zaidi ya kwinini: vifo asilimia 8.5 dhidi ya 10.9. Ndiyo maana leo mnakokotoa artesuneti.

Nyuma ya namba hizi kuna wauguzi waliokaa usiku na watoto hao, wakapima pumzi na mapigo kila ilipotakiwa, wakaandika kwa ukweli. Wao hawakuwa na karatasi ya majibu, na majibu yenu ya leo yametokana na chati zao. Kwa hiyo mkikuta karatasi ya zamani, angalieni mwaka wake, na linganisheni na mwongozo wa sasa wa Wizara kabla ya kuliamini jibu lolote.

Kuhusu vikundi nitasema kwa ufupi. Wanne wanatosha. Kila mmoja aje na swali alilolitunga mwenyewe kutokana na mgonjwa aliyemwona mafunzoni hospitali ya Bombo au kituo cha afya, bila jina wala chochote cha kumtambulisha. Atunge na majibu matatu yasiyo sahihi, na aweze kuyatetea. Kutunga jibu potofu linalokaribia ukweli ni kazi ngumu kuliko kujibu. Utajikuta unarudi kitabuni kwa hamu. Na yule mwenzenu asiyesema kikundini, mpeni zamu ya kuuliza, maana mara nyingi amekwama mahali ambapo ninyi nyote mmepita juu juu.

Nawaachia moja la kufanyia kazi. Uko peke yako kwenye zahanati Kilindi, ni usiku, gari la wagonjwa limekwenda Handeni. Mtoto mchanga ametoka sasa hivi, umemkausha na kumsugua, hapumui. Mama yake bado hajatoa kondo na damu inatiririka kidogo kidogo. Andikeni mnachofanya ndani ya dakika ya kwanza, na mnamwomba nini bibi aliyemsindikiza mama. Halafu andikeni ni kitu gani kimoja kikibadilika kwenye swali, utamwacha mtoto mikononi mwa bibi na kugeukia kwa mama.

Haya, maswali. Naanza na mabinti waliokaa nyuma.